Kupima nani anapiga kura na nani: kwa Bunge na kwa Baraza la Madiwani tuanzie wapi?

Mwambao_Tanga ameuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Tuko watu sita hapa Tanga mjini, walimu wa uraia na wanafunzi wa takwimu. Tunataka kupima jambo moja: je, wabunge wa majimbo 12 ya mkoa wetu (Tanga Mjini, Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe Mjini na Vijijini, Lushoto, Mlalo, Bumbuli, Handeni Mjini na Vijijini, Kilindi) husimama pamoja kwenye mambo yanayogusa mkoa kama mkonge, bandari na barabara, au kila mmoja hufuata chama chake tu?

Tumepakua Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) za miaka kadhaa. Karibu kila mahali tunakuta "Hoja ilitolewa iamuliwe", mstari unaofuata "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa", basi. Hakuna majina. Maswali yetu:

Kwanza, majina yanapatikana wapi? Pili, tumesoma kuhusu fahirisi ya Rice ya mshikamano wa chama (huanzia 0 hadi 1.00). Ikitoka 1.00 tuielewe vipi, kwamba wote wanakubaliana? Tatu, kazi hiyohiyo inawezekana kwenye Baraza la Madiwani la Jiji, ambako mtu unaweza kuingia na kuketi kama mwananchi?

Tunaomba maelezo ya hatua kwa hatua. Kompyuta zetu zina Excel, na wawili kati yetu wanajua R (programu ya takwimu) kidogo.

---

Fundi_Takwimu:

Ndugu yangu, kabla ya fahirisi yoyote jiulize kumbukumbu uliyonayo imeandika nini. Bunge letu huamua mambo mengi kwa sauti: Spika anawahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, anatamka upande ulioshinda. Karani hawezi kuandika jina ambalo hakulisikia. Kwa hiyo Hansard zenu hazina upungufu, kura zenyewe hazikuwa na majina.

Majina yapo kwenye kura za kuita jina mmoja mmoja, na ya uhakika kila mwaka ni ile ya kupitisha bajeti ya Serikali mwezi Juni. Hesabuni: kura moja kwa mwaka, tano kwa uhai wa Bunge zima. Kwa kura tano huwezi kuchora ramani ya ushirikiano. Isitoshe, tano zenyewe ni za aina moja. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo mbunge anayesema "hapana" anaweka kiti chake na viti vya wenzake mezani. Unganisha na Ibara ya 71, kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza ubunge. Hapo 1.00 haisemi kwamba wanakubaliana. Inasema gharama ya kutokubaliana hadharani ni kubwa kuliko faida yake. Ubishi ulishamalizika kwenye kamati ya wabunge wa chama, nyuma ya mlango, kabla ya kuingia ukumbini.

Kuna rundo jingine la kura zenye majina: Bunge Maalum la Katiba, 2014. Walipiga kura ibara kwa ibara, na theluthi mbili ilitakiwa kwa Bara na kwa Zanzibar, kila upande peke yake. Linavutia kwa sababu linapima mhimili wa Muungano badala ya chama. Lakini lina mitego miwili. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka tarehe 16 Aprili 2014, kwa hiyo waliobaki hadi kura ya Oktoba ni sehemu tu ya ukumbi. Na wajumbe waliruhusiwa kuchagua kura ya wazi au ya siri, na ya siri haina jina la kuambatanisha.

Kwa swali lenu la mkoa, mahali pa kuchimba ni Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti ya wizara kifungu kwa kifungu, pale mbunge anaposhika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani anapokizuia kifungu hicho hadi apewe maelezo. Hapo Hansard ina majina: nani kashika, nani kasimama akaitwa kuchangia, kachangia upande gani, na mwishowe shilingi ilirudishwa au la. Fungueni jedwali: kila tukio la shilingi ni safu wima moja, kila mbunge mstari mmoja. Aliyemuunga mkono mshika shilingi mpe 1, aliyemtaka airudishe mpe 6, ambaye hakuitwa mpe 9. Msimpe 6 aliyenyamaza. Muda hauruhusu kila aliyesimama kuitwa, kwa hiyo kunyamaza si kupinga.

Majedwali ya marekebisho ya miswada nayo yanafaa. Jedwali lina jina la mtoa marekebisho, na wachangiaji wake wamo kwenye Hansard ya Kamati ya Bunge Zima.

Ombi moja: msihesabu maneno "naunga mkono hoja". Mbunge anaweza kuunga mkono "asilimia mia moja" mwanzoni, kisha akatumia dakika zote zilizobaki kueleza kwa nini wizara imeshindwa kazi. Maneno yale ni adabu ya ukumbini. Ukiyahesabu utapata Bunge ambalo halijawahi kulalamikia maji.

---

BintiMkinga:

Fundi kaeleza vizuri chanzo. Mimi nieleze hesabu.

Fahirisi ya Rice ni tofauti ya ndiyo na hapana, bila kujali alama, ikigawanywa kwa jumla ya ndiyo na hapana. Chama kikitoa ndiyo 20 na hapana 4, ni 16 ÷ 24 = 0.67. Udhaifu wake: haioni waliojizuia. Chama hichohicho kikiwa na wengine 6 waliojizuia, Rice inabaki 0.67 ilhali theluthi moja ya watu 30 haikufuata msimamo. Kwa hiyo wachunguzi wa Bunge la Ulaya hutumia fahirisi ya makubaliano: chukua kundi kubwa zaidi kati ya ndiyo, hapana na kujizuia, toa nusu ya waliobaki wote, gawanya kwa jumla. Hapa ni (20 − 5) ÷ 30 = 0.50. Hiyo ndiyo picha ya kweli.

Mtego wa pili ni vyama vidogo. Chama cha mbunge mmoja kina mshikamano 1.00 milele. Chama cha wawili wakipiga kura kwa kurusha sarafu, kila mmoja ya kwake, wastani wa Rice ni 0.50. Cha wanne ni 0.375. Cha 40 unashuka hadi kama 0.13. Maana yake 0.50 ya chama cha watu wawili ni sawa na hakuna chochote, lakini 0.50 ya chama cha watu 40 ni jambo. Ukiweka vyama kwenye jedwali moja bila kusema ukubwa wake, kidogo kitaonekana kina nidhamu ya jeshi.

Sasa jozi. Huu ni mfano wa kubuni, watu wanne, kura sita (N ndiyo, H hapana, kistari hayupo):

A: N N H N H N
B: N N H N N N
C: N H H N H –
D: N H N H N H

A na B walikuwepo pamoja mara 6, wakalingana mara 5: 0.83. A na C walikutana mara 5, wakalingana 4: 0.80. A na D, mara 1 kati ya 6: 0.17. C na D, 2 kati ya 5: 0.40.

Tazameni kura ya kwanza: wote N. Imempandisha kila mtu bure. Iondoeni: A na B wanakuwa 0.80, A na C 0.75, A na D sifuri, C na D 0.25. Hapo ndipo unaona A na D hawajawahi kukutana kwenye jambo lililobishaniwa. Kwa data halisi, kura ambayo upande mdogo haukufika asilimia 2.5 hutolewa. Ndicho kiwango kinachotumika kwa kawaida kwenye programu za kazi hii.

Kwenye Excel, andikeni 1 ndiyo, 6 hapana, 7 kajizuia, 9 hayupo, 0 hakuwa mbunge siku hiyo. Fomula ya waliolingana, mistari ya 2 na 3, kura kutoka B hadi G:

=SUMPRODUCT((B2:G2=B3:G3)*(B2:G2>0)*(B2:G2<9)*(B3:G3>0)*(B3:G3<9))

Gawanyeni kwa hiyohiyo bila kipande cha kwanza. Tofauti ya 9 na 0 msiipuuze: aliyeingia kwa uchaguzi mdogo katikati ya muhula hakukosa vikao vya nyuma, hakuwa mbunge. Mkimwandikia 9 atatoka mtoro.

Wabunge 12 ni jozi 66, mnaweza kuzisoma zote kwa macho. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika, na hizo ni jozi 60,726. Hapo ni R.

La mwisho, na ndilo linaloharibu ripoti nyingi: ulinganifu wa bahati. Wabunge wawili wasiojuana, kila mmoja akisema ndiyo mara 9 kati ya 10, watalingana kwa 0.82 bila mpango wowote (0.81 za ndiyo kwa ndiyo, 0.01 za hapana kwa hapana). Ukipata 0.85 usiandike "washirika wakubwa". Toa kile cha bahati: (0.85 − 0.82) ÷ (1 − 0.82) = 0.17. Ushirikiano wenyewe ni huo mdogo.

---

Mwambao_Tanga:

Asante sana dada, na wewe Fundi, shukrani. Hilo la sarafu hatukuwa nalo kabisa. Maswali mawili yaliyobaki: waliotoka nje kwa kususia tuwape 9 kama wasiokuwepo? Na hizi ramani za nukta zinazoweka wabunge kushoto na kulia, zinafaa kwetu?

---

Nahodha_wa_Dunda (Bagamoyo):

Kwenye kususia ndipo ninapotofautiana na fomula ya BintiMkinga. Anayeumwa na anayetoka nje kwa pamoja na wenzake si kitu kimoja. Kambi ikisusia, hicho ndicho kitendo cha kisiasa kilicho wazi kuliko vyote siku hiyo, na ukikiandika 9 unakifuta. Wapeni namba yao, tuseme 8, halafu fanyeni hesabu mara mbili: mara moja 8 ikiwa kama 9, mara ya pili 8 ikiwa kama 6. Matokeo yakibadilika sana, semeni hivyo kwenye ripoti na wekeni zote mbili.

Kuhusu ramani. Inayojulikana zaidi ni NOMINATE ya Poole na Rosenthal, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kongresi ya Marekani. Kwenye R kuna kifurushi kinaitwa wnominate. Kisipoambiwa vingine hutupa kura zenye upande mdogo chini ya asilimia 2.5, na humtoa mbunge mwenye kura pungufu ya 20. Kura zenu tano za bajeti hazitafika hata mlangoni. Pia kitawataka mtaje mbunge mmoja ambaye mna hakika yuko upande mmoja, ili programu ijue kulia ni wapi. Mkikosea hapo ramani inageuka kama nguo iliyovaliwa nje ndani: umbali ni sahihi, pande ni kinyume.

Shida kubwa zaidi ni ya mabunge ya mfumo wetu, yale yenye asili ya Westminster, yaani Bunge la Uingereza. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge la Uingereza lilikataa makubaliano ya Brexit (kujitoa Umoja wa Ulaya) ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May, kwa kura 432 dhidi ya 202. Wabunge 118 wa chama chake mwenyewe walipiga hapana. Wengi wao waliona makubaliano yale hayajaitoa nchi vya kutosha, wachache walitaka nchi isitoke kabisa. Programu haisikii sababu, inaona tu "hapana pamoja na Labour", wapinzani wa wakati huo. Itamchukua mbunge mwenye msimamo mkali kuliko wote upande wa Serikali na kumweka katikati, jirani na wapinzani. Kwa hiyo mhimili wa kwanza kwenye mabunge haya mara nyingi ni Serikali dhidi ya upinzani. Usiuite itikadi.

Kwa mazoezi tumieni Kenya, Hansard yao huorodhesha majina kwenye kura za mgawanyo. Chukueni mbili za 2024. Muswada wa Fedha, tarehe 25 Juni: ndiyo 195, hapana 106, zilizoharibika 3. Hizo ni kura 304, kwa hiyo 45 kati ya 349 hazimo. Kisha hoja ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua, tarehe 8 Oktoba: 281 kwa 44, mmoja akajizuia. Katikati ya tarehe hizo mbili viongozi wa ODM, chama cha upinzani, waliingia Baraza la Mawaziri, Agosti. Mtu akikokotoa ulinganifu wa mwaka mzima atachanganya ushirikiano wa aina mbili na kupata wastani ambao haukuwahi kuwepo siku yoyote ya mwaka huo. Kateni data pale ushirikiano ulipobadilika, na tarehe ya kukata ichaguliwe kabla ya kuona matokeo.

Seneti ya Kenya msiiguse kwanza. Kwenye mambo ya kaunti kila kaunti ina kura moja inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, mambo mengine kila seneta anapiga yake. Ukiziweka kwenye jedwali moja utakuwa na mistari 47 siku moja na 67 siku nyingine.

Na majina yasafisheni kwanza. "Mhe. Dkt." leo, "Mhe. Prof." mwaka kesho, jina la ndoa mwaka unaofuata, na kompyuta imehesabu watu watatu. Mpe kila mbunge namba yake, jina liwe maelezo tu pembeni.

---

Karani_wa_Vikao:

Nijibu la madiwani, maana limeachwa.

Mihtasari ya Baraza haitawasaidia sana. Nyingi huandika "Baraza liliazimia" na kusonga mbele. Data yenu mtaikusanya wenyewe ukumbini, na mikutano ya kawaida ni mmoja kila robo mwaka, kwa hiyo muwe na subira ya miaka miwili kabla ya kutangaza chochote.

Kabla ya siku: pateni ratiba na makabrasha ofisi ya Mkurugenzi, na mwombe idhini kama mnataka kupiga picha. Msidhani inaruhusiwa. Andaeni mchoro wa viti. Jiji la Tanga lina kata 27, ongezeni madiwani wa viti maalum na mbunge, kisha andikeni kila kiti namba. Madiwani huhama viti baada ya chai, kwa hiyo mchoro hukaguliwa upya kila kikao kinaporejea.

Siku yenyewe: waangalizi wawili, mmoja ahesabu kutoka kulia, mwenzake kutoka kushoto, kila mmoja na karatasi yake, bila kunong'onezana. Mikono haikai juu muda mrefu, na mwingine hunyanyua kiwiko tu huku akimtazama jirani yake. Asiyeeleweka aandikwe alama ya kuuliza, asikisiwe kwa chama chake. Ukimkisia kwa chama, umeshaamua jibu la utafiti kabla ya kuuanza. Mwisho wa kila kura linganisheni karatasi na idadi aliyotamka mwenyekiti. Zikipishana zaidi ya mkono mmoja, kura hiyo iwekwe kando.

Andikeni pia swali lenyewe lilivyotamkwa. Diwani akisema ndiyo kwenye marekebisho, inawezekana anapinga hoja ya menejimenti. Safu moja iwe "ndiyo/hapana", nyingine iwe "pamoja na pendekezo la ofisi / dhidi yake". Ulinganifu kati ya watu wawili hautabadilika, lakini mtakapotaka kusema nani anaelekea upande gani, safu ya pili ndiyo itakayotumika.

Uchaguzi wa Meya ni kura ya siri, na watu hupenda sana kuukisia. Tuseme chama kina viti 16, mgombea wake akapata 18. Unachokijua ni kwamba kura mbili au zaidi zimetoka kwa watu wa nje ya chama. Inawezekana ni wawili. Inawezekana wanne wameingia na wawili wa ndani wamemkimbia. Idadi hiyo haikupi jina la mtu, na ukiandika jina umemtia diwani matatani kwa jambo usilolijua.

Hoja za kwanza kufuatilia ningeshauri ushuru wa masoko, mgawo wa fedha za barabara za kata, na viwanja. Kwenye fedha za kata ndipo mipaka ya vyama hulegea: diwani wa Tongoni na wa Mabokweni wana shida za pembezoni zinazofanana, na wa Ngamiani Kati ana za kwake za mjini. Kwa hiyo kwenye jedwali la madiwani ongezeni safu ya "mjini / pembezoni" mbele ya safu ya chama, kisha kokotoeni wastani wa jozi mara nne: chama kimoja eneo moja, chama kimoja maeneo mbalimbali, vyama tofauti eneo moja, vyama tofauti maeneo tofauti. Tazameni ya pili na ya tatu. Ya tatu ikiipita ya pili kwenye kura za fedha, eneo linawavuta kuliko chama. Jedwali hilohilo litumieni kwa wabunge wenu 12, mkiweka pwani na milimani badala ya mjini na pembezoni, kwa matukio ya shilingi aliyoyaeleza Fundi.

Mkiwa na fomu ya kuandikia, iwekeni hapa tuipitie kabla ya mkutano wa robo ijayo.